Sumu ya Mishale na Mapigo ya Moyo

Anayepita Kengeleni, Kisauni, mjini Mombasa, huiona kengele ya Frere Town na kukumbuka habari za watumwa walioachwa huru. Kijiji hicho kilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa la Unguja. Aliyembana Sultani mpaka akatia saini alikuwa balozi wa Uingereza, John Kirk, Mskoti aliyesomea udaktari na kubobea katika mimea. Siasa zake zimeandikwa sana. Yaliyotokea mfukoni mwake hayasimuliwi mara nyingi, ijapokuwa ndiyo yaliyoiingiza Afrika Mashariki katika vitabu vya tiba ya moyo.

Kabla ya kuja Unguja, Kirk alikuwa katika msafara wa David Livingstone kwenye mito ya Zambezi na Shire, ulioanza mwaka 1858. Wawindaji wa huko walipaka mishale yao kombe, sumu itokanayo na mbegu za mmea unaotambaa juu ya miti. Kirk alichukua kiasi akakihifadhi. Inasimuliwa kwamba mswaki wake ulikaa mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipousugua menoni alisikia uchungu mkali, na alipojipima mapigo ya moyo akakuta yamepungua. Sumu hiyo ilichunguzwa Edinburgh na Thomas Fraser, ambaye mwaka 1885 aliwatangazia madaktari wenzake dawa mpya ya moyo, strofanthini. Wengi wa walioachwa huru Frere Town walikuwa Wayao na watu wa pande za Nyasa. Walitoka nchi za kombe, wakahamishiwa pwani yenye sumu yake nyingine.

Hiyo ya pwani ilikuwa kwa Mijikenda, huko ambako njia ya Changamwe huelekea Rabai na kwingineko barani. Mwaka 1893 Fraser na mwenzake Joseph Tillie walichapisha London, kupitia Royal Society, taarifa juu ya sumu ya mishale ya “Wa Nyika”, jina la dharau walilobandikwa Mijikenda zama hizo. Mti wake ni mchungu, ambao wataalamu huuita Acokanthera. Miaka mitano kabla, Mfaransa Léon-Albert Arnaud alikuwa amepata fuwele za sumu hiyo kutoka kwa mbao za Usomali, akaziita uabaini.

Majina ya mabwana hao yamehifadhiwa. La mpishi hata mmoja wa sumu halimo, na hilo linaniudhi, maana kazi ngumu ilikuwa imekwisha fanywa. Wagiriama waliipika na kuiuza. Waata, wawindaji wa ndovu wa upande wa Tsavo, waliinunua. Ncha za mishale zilifungwa ngozi laini ili sumu isikauke wala kumchoma mwenye podo. Mnyama akianguka, nyama iliyozunguka jeraha ilikatwa ikatupwa, na iliyobaki ikaliwa bila madhara.

Hapo pana somo kubwa. Uabaini haipenyi vizuri matumboni. Ikiingia katika damu huua. Madaktari wa Ulaya walitumia miaka mingi wakiwanywesha wagonjwa matone ya strofanthini, ndugu wa uabaini, leo yakifaa, kesho yasifae, hadi mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel alipoanza kuidunga kwenye mshipa. Mwindaji wa Tsavo alikuwa akiidunga siku zote, kwa upinde.

Kwa nini moyo? Jibu lilichelewa. Mwaka 1883 Sydney Ringer, daktari wa London, alieleza kuwa moyo wa chura uliotolewa kifuani hauendelei kupiga ukiwekwa katika chumvi ya kawaida iliyoyeyushwa kwa maji safi kabisa. Uliendelea alipotumia maji ya bomba, kwa sababu yalikuwa na kalsiamu. Kumbe ni kalsiamu inayoamuru msuli ukaze. Kila pigo, vijilango vilivyo kwenye utando wa seli za moyo hufunguka kwa zamu: vya sodiamu kwanza, kisha vya kalsiamu, halafu vya potasiamu vinavyoituliza seli.

Lakini sodiamu iliyoingia lazima itolewe. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, Denmark, akichunguza neva za kaa wa pwani, aligundua pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kwa kila mzunguko. Aliendelea akaonyesha kuwa uabaini huisimamisha pampu hiyo. Ugunduzi huo ulimpatia Nobel mwaka 1997. Pampu ni kama baharia anayefua maji ngamani: akizuiwa, chombo hakizami papo hapo, ila maji hupanda. Sodiamu ikijaa ndani ya seli, kalsiamu nayo hukosa njia nzuri ya kutoka, kwa kuwa hutolewa kwa kubadilishana na sodiamu inayoingia. Kalsiamu ikizidi kidogo, moyo dhaifu hukaza kwa nguvu zaidi. Ikizidi mno, mapigo huvurugika na moyo husimama. Misuli laini ya kuta za mishipa ya damu ina pampu za jamii hiyo, nazo zikibanwa hivyo, mishipa husinyaa.

Binadamu si peke yake aliyeugundua mti wa mchungu. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora, na wenzake walieleza habari za panya mkubwa mwenye singa ndefu ambaye hutafuna maganda ya mchungu na kujipaka mate yenye sumu ubavuni. Mbwa akimng'ata, mara nyingi hufa.

Hospitalini leo hutumiwa zaidi digoksini, ndugu wa uabaini atokanaye na ua la Ulaya, ambaye humezwa kama kidonge na huishika pampu ileile. Potasiamu hugombea nafasi na dawa hiyo kwenye pampu. Mgonjwa wa Likoni anayemeza digoksini pamoja na vidonge vya kukojoza maji hupoteza potasiamu, na dozi iliyokuwa ikimfaa inaweza kumdhuru bila kuongezwa hata kidogo. Ndiyo maana daktari humtuma maabara kupimwa damu.