Senti 2 kwa Kila Wimbo: Utunzi na Kurekodi Jazi katika Bendi Ndogo za Marekani

Katika historia ya jazi, muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi, miongo miwili iliyofuata Vita Kuu ya Pili ndiyo enzi ya bendi ndogo, yaani kikundi cha watu wanne hadi sita ambamo piano, besi kubwa ya kusimama na dramu hushika mdundo, huku tarumbeta, saksafoni au tromboni zikibeba wimbo. Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyelizoea neno jazi katika majina kama Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, au Morogoro Jazz, hana budi kukumbuka kwamba bendi hizo zilipiga muziki wa dansi, ambao una historia yake. Wingi wa tungo mpya zilizorekodiwa New York na viunga vyake katika enzi hiyo huelezwa mara nyingi kwa vipaji vya watunzi, na vipaji hivyo havina ubishi. Lakini tungo hizo zilikuwa pia zao la hesabu, na anayezisikiliza bila kuijua hesabu hiyo hawezi kueleza kwa nini zina umbo zilizo nalo.

Msingi wa hesabu ulikuwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1909. Sheria hiyo ilipanga mrabaha, yaani malipo anayostahili mwenye hakimiliki kazi yake inaponakiliwa, kuwa senti 2 kwa kila wimbo katika kila nakala ya santuri, na kiwango hicho kilidumu hadi mwaka 1978. Kilicholindwa hasa ni melodi, ule mfululizo wa sauti ambao mtu mmoja anaweza kuuimba au kuupiga mluzi. Kordi, yaani sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja chini ya melodi, hazikuhesabiwa kuwa mali ya mtu zinapofuatana, kwa hiyo mwanamuziki aliweza kuchukua mfuatano wa kordi za wimbo maarufu, akautungia melodi nyingine, na kuuandikisha kwa jina lake. Sheria hiyo ilitaka pia utunzi usajiliwe kwa karatasi yenye noti. Sauti iliyorekodiwa haikukubaliwa kuwa ushahidi wa utunzi, na rekodi zenyewe hazikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho hadi mwaka 1972. Kwa muziki ambao sehemu yake kubwa hubuniwa papo hapo, bila kuandikwa, huo ulikuwa mpango wa ajabu: mpigaji aliyebuni dakika mbili za muziki usio na kifani hakuwa na haki nazo kama mtunzi, ilhali aliyeandika melodi ya nusu dakika iliyozitangulia alilipwa kwa kila nakala.

Bendi kubwa za watu 15 au zaidi, zilizotawala kumbi za dansi katika miaka ya 1930, zilidhoofishwa na vita vilivyochukua vijana na kupandisha gharama za safari. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki kilichoongozwa na James Petrillo kiliwakataza wanachama wake kurekodi, kikidai malipo kutoka kwa kampuni za santuri, na mgomo huo haukumalizika kwa kampuni kubwa zote hadi Novemba 1944. Wakati huo ziliibuka kampuni ndogo zisizo na mtaji wa kuajiri bendi kubwa wala hamu ya kulipia nyimbo za wenyewe. Watu watano na melodi mpya juu ya kordi za zamani ndiyo bidhaa iliyozifaa.

Mfano unaojulikana zaidi ni kazi ya Charlie Parker kwa kampuni ya Savoy tarehe 26 Novemba 1945. Parker, mpiga saksafoni, na Dizzy Gillespie wa tarumbeta walianza kwa utangulizi waliouandaa, kisha wakaingia katika melodi ya "Cherokee", wimbo wa Mwingereza Ray Noble, na hapo wakasimamishwa. Jaribio hilo lililokatizwa limehifadhiwa, na wanahistoria wengi hulieleza kwa sababu ya mrabaha: melodi ya Noble ingepaswa kulipiwa. Walipoanza upya waliiacha melodi hiyo kabisa, wakatoka katika utangulizi na kwenda moja kwa moja kwenye ubunifu wa Parker juu ya kordi zilezile, na zao lake likaitwa "Ko-Ko". Umbo lililowashangaza wasikilizaji kwa ujasiri wake, wimbo usio na wimbo, lilitokana kwa sehemu na kukwepa ankara.

Santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilichukua takribani dakika tatu kwa upande, na mtunzi aliyetaka watu wawili au watatu wapige kwa zamu hakuwa na nafasi ya ziada hata ya kipimo kimoja, yaani kile kifungu cha mapigo, kwa kawaida manne, ambacho wanamuziki hukitumia kupima urefu wa wimbo. Mambo mawili yalivunja mpaka huo: utepe wa sumaku, ulioanza kutumika katika studio za Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na santuri ndefu iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, iliyoweza kubeba zaidi ya dakika 20 kwa upande. Upande huo ulihitaji kujazwa, na hapo ndipo kampuni mbili ndogo za New York zilipoachana njia.

Kampuni ya kwanza, Prestige, iliwaita wanamuziki studioni bila mazoezi, wakapiga nyimbo walizozijua wote, na kurefusha kila wimbo kwa ubunifu wa zamu kwa zamu. Njia hiyo haikukosa matunda: kwa siku mbili tu za mwaka 1956, tarehe 11 Mei na 26 Oktoba, kikundi cha watu watano cha mpiga tarumbeta Miles Davis kilirekodi muziki uliojaza santuri nne, kwa sehemu kubwa bila kurudia wimbo, kwa sababu Davis alitaka kumaliza mkataba wake na kuhamia Columbia. Lakini kikundi hicho kilikuwa kikipiga pamoja katika vilabu kila wiki. Kwa watu waliokutana asubuhi hiyohiyo matokeo hayakuwa ya kutegemewa.

Kampuni ya pili, Blue Note, ilianzishwa mwaka 1939 na Alfred Lion, mzaliwa wa Berlin. Alisikia piano ya Albert Ammons na Meade Lux Lewis katika tamasha la ukumbi wa Carnegie tarehe 23 Desemba 1938, na wiki mbili baadaye, tarehe 6 Januari, akawarekodi kwa gharama yake. Rafiki yake wa utotoni Francis Wolff, aliyewakimbia Wanazi, alimfuata mwaka huohuo, akawa mtunza hesabu na mpiga picha wa kampuni. Hawa wawili hawakuwa wanamuziki. Walikuwa wasikilizaji, na huenda ndiyo sababu waliona walichokosa wenzao. Waliwalipa wanamuziki kwa mazoezi kabla ya kurekodi, aghalabu siku mbili, jambo dogo katika daftari la matumizi lakini kubwa katika utunzi, kwa kuwa mtunzi aliyejua kwamba kazi yake itafanyiwa mazoezi aliweza kuandika vitu visivyowezekana kusomwa kwa mara ya kwanza mbele ya maikrofoni: utangulizi, viungo kati ya mpigaji mmoja na mwingine, sauti mbili za tarumbeta na saksafoni zinazopishana.

Mahali palipozinasa kazi hizo palikuwa sebule. Rudy Van Gelder, mpimaji wa macho kwa taaluma, aligeuza sebule ya nyumba ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, kuwa studio, akawa fundi mitambo wa Blue Note, Prestige na wengineo, na hakuacha kupima macho hadi mwaka 1959, alipofungua studio mpya katika mji jirani wa Englewood Cliffs, jengo la dari ya mbao lililoinuka kama kanisa. Alivaa glavu akigusa vifaa vyake na hakuruhusu mwingine kuvigusa. Wanamuziki wote walikaa katika chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, kwa hiyo kosa la mmoja lilikuwa kosa la wote. Utepe uliweza kukatwa na kuunganishwa, lakini haikuwa desturi kumrekodi mmoja leo na mwenziwe kesho. Mpiga piano Thelonious Monk aliupa mji wa sebule ile heshima ya utunzi uitwao "Hackensack", aliourekodi mwaka 1954, nao, kama inavyostahili habari hii, umejengwa juu ya kordi za wimbo wa George Gershwin.

Namna utunzi ulivyofanyika ndani ya bendi inaonekana vizuri katika santuri "Moanin'" ya mpiga dramu Art Blakey na kundi lake la Jazz Messengers, iliyorekodiwa Hackensack tarehe 30 Oktoba 1958. Mpiga piano Bobby Timmons alikuwa na mazoea ya kupiga kijisehemu cha vipimo vinane kati ya wimbo na wimbo, chenye ladha ya kanisa, mwito ukitoka kwenye piano na itikio likifuata, mfano wa kiongozi wa ngoma na waitikiaji wake. Benny Golson, mpiga saksafoni, alimsihi akiongezee sehemu ya kati ili kiwe utunzi kamili. Jambo hilo linaeleweka ukiijua ramani ya vipimo 32 iliyotumiwa na nyimbo nyingi za zama zile: vipimo vinane, vinane hivyo tena, vinane vya kati vyenye kordi tofauti, kisha kurudi mwanzo. Timmons alikuwa tayari na robo tatu za wimbo bila kujua. Katika santuri hiyo yenye nyimbo sita, mmoja ulikuwa wa Timmons, nne za Golson, na mmoja tu ulitoka nje ya bendi. Uwiano huo haukuwa wa kubahatisha, bali ndio uliokuwa mtindo wa kampuni. Mpiga saksafoni John Coltrane, aliyekuwa na mkataba na Prestige, aliporekodi "Blue Train" kwa Blue Note tarehe 15 Septemba 1957, nyimbo nne kati ya tano zilikuwa zake.

Si kila utunzi wa bendi ndogo ulihitaji mazoezi, na ingekuwa upotoshaji kudai hivyo. Santuri mashuhuri kuliko zote, "Kind of Blue" ya Miles Davis, iliyorekodiwa na Columbia tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, ilitokana na michoro mifupi ambayo wapigaji walionyeshwa studioni. Hata hivyo Davis alikuwa na kampuni kubwa nyuma yake na wapigaji ambao wengi wao walijuana kwa miaka.

Palipo na senti 2 hapakosi mgawanyo. Kwa desturi ya biashara mrabaha ulipitia kwa mchapishaji wa muziki, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kuchapa karatasi za noti na kuziuza, na ambaye alibaki na nusu. Kampuni za santuri zikaanzisha idara zao za uchapishaji, hivyo nusu ya kile zilicholipa kwa mkono wa kulia ikarudi kwa wa kushoto. Mpiga piano Horace Silver, ambaye baba yake alitoka visiwa vya Cape Verde na ambaye wimbo wake "Song for My Father" wa mwaka 1964 ulimkumbuka, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji na kuiita Ecaroh, jina lake lililosomwa kinyumenyume. Mpiga piano mwingine, Herbie Hancock, akiwa na umri wa miaka 22, alipotaka kurekodi santuri yake ya kwanza mwaka 1962, alishauriwa na mpiga tarumbeta Donald Byrd asiziachie nyimbo zake. Kwa masimulizi ya Hancock mwenyewe, Lion wa Blue Note alimwambia kwamba kwa sharti hilo hakuna santuri, naye akaanza kuondoka kabla Lion hajakubali. Nyimbo zote sita za "Takin' Off" zilikuwa zake, na mmojawapo, "Watermelon Man", ukafanywa maarufu mwaka uliofuata na mpiga ngoma Mkuba Mongo Santamaría. Huenda hakuna ushauri uliowahi kulipa zaidi katika jazi.

Mafanikio yaliidhuru Blue Note zaidi ya umaskini. "The Sidewinder", utunzi wa mpiga tarumbeta Lee Morgan uliorekodiwa tarehe 21 Desemba 1963 na kuzidi dakika kumi, uliuzwa kwa wingi ambao kampuni haikuuzoea. Wasambazaji wakataka mwingine kama huo, na watunzi wengi wakalazimika kuanza santuri zao kwa wimbo wa kuchezeka. Katikati ya muongo huo Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty, na Lion akastaafu mwaka 1967.

Mwishoni mwa mwaka 1969 Hancock alishiriki kurekodi santuri ya mpiga dramu Albert Heath iliyopewa jina la Kiswahili, "Kawaida". Miongoni mwa washiriki alikuwamo kijana James Mtume, mfuasi wa harakati za Wamarekani Weusi waliokichukua Kiswahili kuwa lugha yao ya heshima, na ndiye aliyewagawia wenzake majina. Hancock akawa Mwandishi, na kundi lake la watu sita likafuata: mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyekuwa pia daktari, akawa Mganga. Mzungumzaji wa Kiswahili angetarajia mtu wa kazi ile aitwe mtunzi, kwa maana anayeandika noti na anayebuni kichwani wote hutunga. Lakini sheria iliyomlipa Hancock ilimtambua kwa karatasi yake, na kwa sheria hiyo mwandishi ndilo neno lenyewe. Santuri iitwayo "Mwandishi", iliyotolewa mwaka 1971, ina nyimbo tatu tu, na ule wa mwisho, uliotungwa na mpiga tromboni Julian Priester, unachukua upande mzima, zaidi ya dakika 20, sehemu yake kubwa ikiwa haikuandikwa popote. Kiwango cha sheria kwa wimbo huo kilikuwa senti 2.