Kutangaziana kwa baruapepe: kukopa harusi, kulipa matanga

Nilikuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na historia kidogo, na sababu ya kuiandika ni hii.

Rafiki yangu mmoja hapa Nairobi anauza vitabu vya watoto kupitia mtandao. Watu kama elfu tatu wamejiandikisha kupata barua yake ya kila wiki. Kuna jamaa mwingine, walisoma pamoja, anauza sare na vifaa vya shule, naye ana orodha yake. Wakakubaliana jambo la busara kabisa: nitangaze kwa watu wako, nami nikutangaze kwa wangu. Hakuna pesa inayotoka mfukoni. Kisha yule wa sare akasema, ili mambo yawe rahisi, tubadilishane orodha zenyewe, kila mtu atume anavyotaka. Rafiki yangu akanipigia simu kuniuliza amtumie faili la aina gani.

Nikamwambia asitume faili lolote. Akakasirika. "Kwani unadhani jamaa ni mwizi?" Sikudhani hivyo, na hata sasa sidhani. Lakini ukisoma historia ya biashara hii utaona kwamba wengi walioumizana hawakuanza wakiwa wezi. Wacha nieleze.

Enzi za stempu

Tabia hii ni ya zamani kuliko intaneti. Marekani, kampuni zilizouza bidhaa kwa posta zilikuwa zikikodishiana orodha za majina na anwani za wateja. Masharti yalikuwa makali: unakodi orodha kwa matumizi ya mara moja tu. Mara nyingi aliyekodi hata hakuiona. Majina yalipelekwa moja kwa moja kwa wachapishaji na wapakiaji, wao wakabandika anwani na kuposti.

Tena mwenye orodha aliweka mtego. Katikati ya majina halali alichomeka machache ya uongo, yenye anwani ya nyumbani kwa mfanyakazi wake au ndugu yake. Barua ya pili ikifika kwa jina hilo bila ruhusa, anajua orodha imetumika tena, na anajua ni nani aliyeitumia. Tuyaite majina ya chambo. Yakumbuke, tutayarudia.

Halafu kulikuwa na askari mwingine asiyelala: stempu. Kila barua ilikuwa na gharama, kwa hiyo hata mtu asiye mwaminifu alifikiri mara mbili.

Stempu inapotea

Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo katika kampuni ya tarakilishi ya Digital Equipment Corporation, alituma tangazo moja kwa watu karibu 400 kwenye ARPANET, mtandao uliozaa intaneti ya leo. Hakuna aliyekuwa amemwomba. Wengi walikasirika, na wasimamizi wa mtandao wakakemea. Lakini somo lilikuwa limeonekana: kutuma kwa watu 400 hakukugharimu zaidi ya kumtumia mmoja.

Biashara ilipohamia kwenye wavuti miaka ya 1990, orodha ikawa faili dogo linalonakiliwa kwa sekunde moja. Ukishampa mwenzako nakala, huwezi kumnyang'anya. Mnaweza kugombana, mnaweza kusameheana, nakala inabaki pale pale. Hapo ndipo imani kati ya washirika ikawa tatizo la kihandisi.

Ahadi ya Toysmart

Toysmart.com lilikuwa duka la Marekani la kuuza vitu vya kuchezea watoto kwenye mtandao, na sehemu kubwa ya hisa zake zilikuwa za Disney. Liliwaahidi wateja kwamba habari zao hazitapewa mtu mwingine kamwe. Mwaka 2000 duka likafilisika. Walipotafuta cha kuuza ili kulipa madeni, orodha ya wateja ikawekwa sokoni pamoja na mali nyingine. Ndani yake mlikuwa na majina na anwani, hata majina ya watoto na siku zao za kuzaliwa.

Julai 2000 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilienda mahakamani kuzuia mauzo hayo. Mzozo uliendelea hadi Januari 2001, pale kampuni tanzu ya Disney ilipolipa dola 50,000 ili orodha iharibiwe. Soma tena hapo: pesa zililipwa ili faili lifutwe.

Ona pia kwamba ahadi ile huenda ilitolewa kwa moyo safi. Aliyeiandika hakujua kwamba siku moja uamuzi ungekuwa mikononi mwa watu wanaodai pesa zao. Unapomwamini mshirika leo, unamwamini pia yule atakayekuja baada yake: mnunuzi wa kampuni, mrithi, mdai.

Mshirika anayefumba macho

Kisa cha pili ni cha Machi 2006. Mkuu wa Sheria wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, alitangaza kwamba kampuni ya matangazo ya baruapepe, Datran Media, imekubali kulipa dola milioni 1.1. Datran ilikuwa imepata habari za zaidi ya Wamarekani milioni 6 kutoka kwa kampuni nyingine, ikijua kwamba kampuni hizo zilikuwa zimewaahidi watu kutotoa habari zao. Mmoja wa waliotoa orodha ni Gratis Internet, wenye tovuti zilizowavuta watu kwa zawadi za bure kama iPod. Nao walishtakiwa mwezi huo huo.

Jambo jipya lilikuwa hili: aliyebanwa kwanza ni mpokeaji. Hakuiba kitu, alinunua. Lakini alijua ahadi iliyotolewa mwanzoni. Kwa hiyo katika kutangaziana, ahadi ya mwenzako kwa wasomaji wake inakufunga na wewe. Kama hujaisoma, unacheza kamari.

Sheria inauliza: mwenye barua ni nani?

Sheria ya Marekani ya CAN-SPAM ilianza kazi tarehe 1 Januari 2004. Ilisema mtu akiomba kuondolewa, aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Pia ilisema si aliyebonyeza kitufe cha kutuma pekee anayeweza kuwajibika, hata mwenye bidhaa inayotangazwa anaweza kuwajibika.

Hapo wanaotangaziana wakakwama. Barua moja ina matangazo ya kampuni tatu. Msomaji anasema "nitoeni". Amejitoa kwa nani? Mwaka 2008 FTC ilifafanua: washirika wanaweza kumteua mmoja wao awe ndiye mtumaji, mradi jina lake ndilo linaloonekana mahali pa "kutoka kwa" na anatimiza masharti ya sheria. Asipoyatimiza, wenzake wote wanaweza kuhesabiwa kuwa watumaji.

Waandishi wa programu nao walikuwa na fumbo lao. Mshirika wako anapotuma tangazo lako, lazima ajue ni nani waliojitoa kwako ili awaruke. Lakini ukimpa orodha ya waliojitoa, umempa maelfu ya anwani zinazofanya kazi! Dawa iliyoenea ni heshi. Badala ya anwani unampa alama iliyokokotolewa kutoka kwayo, mara nyingi kwa MD5, kanuni iliyochapishwa mwaka 1992. Alama ina herufi na tarakimu 32. Mwenzako anakokotoa alama za orodha yake, analinganisha, na zinazofanana anaziruka.

Tahadhari mbili kwa mafundi wenzangu. Kwanza, badilisheni herufi zote kuwa ndogo na mfute nafasi tupu kabla ya kukokotoa, la sivyo "Juma@" na "juma@" zitatoa alama tofauti, na mtu aliyejitoa atapata barua tena. Pili, heshi si sanduku la chuma. Aliye na orodha kubwa ya anwani kutoka kwingine anaweza kuzikokotoa zote na kugundua zilizomo kwako. Inapunguza hatari, haiimalizi.

Hata mwaminifu huibiwa

Aprili 2011 kampuni ya Epsilon, iliyokuwa ikituma baruapepe kwa niaba ya kampuni zaidi ya 2,500, ilitangaza kwamba imedukuliwa. Majina na anwani za wateja wa takriban asilimia 2 ya kampuni hizo zikachukuliwa, zikiwemo benki na maduka makubwa. Washirika wao hawakuwa wamevunja ahadi. Kila nakala ya orodha ni mlango mmoja zaidi wa kulinda, basi.

Na sisi hapa?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019. Kifungu cha 37 kinazungumzia matumizi ya kibiashara, na kwa kawaida unahitaji idhini ya wazi ya mwenye data. Mama aliyempa rafiki yangu anwani ili apate habari za vitabu hajampa idhini mwuza sare.

Zaidi ya sheria, kuna Gmail. Tangu Februari 2024 Google inawataka watumaji waweke malalamiko ya barua taka chini ya asilimia 0.3. Piga hesabu: kwa barua 3,000, watu tisa wakikasirika umefika mpaka. Mshirika akituma kwa jina la kikoa chako, baada ya wewe kumruhusu kwenye rekodi yako ya SPF, wale tisa wanahesabiwa kwako.

Nilimwambia rafiki yangu afikirie sanduku la chama. Wanachama wanaaminiana, ni majirani na wengine ni dada, lakini sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Sijawahi kusikia mwanachama akiuliza, "Kwani mnadhani mimi ni mwizi?" Kufuli ndizo zinazowaruhusu waendelee kuwa majirani.

Basi wakafanya hivi. Kila mmoja alituma tangazo la mwenzake kwa watu wake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na anayependa akabofya kiungo na kujiandikisha kwa hiari yake. Waliojitoa walilinganishwa kwa heshi. Na kila mmoja alijiandikisha kwa mwenzake kwa anwani moja ya chambo, tena akamwambia wazi kwamba ameweka chambo.

Yule wa sare alicheka sana aliposikia. Akasema yeye pia angefanya hivyo, ila aliona aibu kuanza. Wanatangaziana tena mwezi ujao, kabla ya shule kufunguliwa.

Haya, tuonane wakati mwingine.