Mwenye Kamera na Mwenye Sura: Hakimiliki ya Video Turkana

Historia ya filamu katika Turkana ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliorekodiwa na wengine. Wakati wa ukoloni eneo hilo, lililotawaliwa kutoka Lodwar, lilikuwa wilaya iliyofungwa, yaani mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha serikali, na kamera chache zilizofika huko zilishikwa na wageni. Uhuru haukubadili jambo hilo mara moja. Kati ya 1973 na 1974 David na Judith MacDougall walirekodi maisha ya boma la Waturkana, na kutokana na kazi hiyo zikatoka filamu tatu, mojawapo ikiwa The Wedding Camels ya 1977, ambamo wenyeji husikika wakijadili mahari kwa Kiturkana huku tafsiri ikiandikwa chini ya picha.

Kusikika, hata hivyo, si kumiliki. Hakimiliki, ambayo ni haki ya kuamua nani anakili au aonyeshe kazi fulani, humtazama aliyeitengeneza kazi hiyo, si aliyeonekana ndani yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, humhesabu kuwa mtunzi wa filamu yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, na humlinda kwa miaka 50; mzee aliyejadili mahari na waliomsikiliza hawamo katika hesabu hiyo. Pengo hilo lilianza kuzibwa na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kiutamaduni, inayozitambua jamii zenyewe kuwa wenye haki.

Kakuma, katika Turkana hiyo hiyo, ilifuata njia nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko 1992, na tangu 2001 shirika la FilmAid likawa likionyesha sinema usiku kwenye viwambo vikubwa vya nje, kisha likawafundisha vijana kurekodi na kuhariri, hata mtazamaji akageuka mtengenezaji. Mtengenezaji wa video, kama mwandishi, hulazimika mara nyingine kunukuu kazi ya mwenzake ili aieleze au aipinge, na sheria inalitambua hilo kwa kanuni ya matumizi ya haki, yaani ruhusa ya kutumia kazi bila idhini ya mwenyewe. Nchini Kenya ruhusa hiyo huhusu utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti matukio, mradi chanzo kitajwe. Nchini Marekani sheria ya 1976 humtaka hakimu apime kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari yake kwa soko.

Vipimo hivyo vinahitaji akili ya mtu. Mwaka 2007 YouTube ilianzisha Content ID, mfumo wa kompyuta unaolinganisha kila video mpya na hifadhi ya sauti na picha za wenye haki, na panapopatikana mfanano humwezesha mwenye haki kuizuia video au kuchukua mapato yake. Mfumo huo hutambua kilichonakiliwa, lakini hauwezi kutambua kwa nini kilinakiliwa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza wimbo wa Prince, iliamua kwamba mwenye haki sharti afikirie matumizi ya haki kabla ya kutuma notisi ya kuiondoa video. Kenya nayo, kwa marekebisho ya 2019, iliwapa watoa huduma wa intaneti saa 48 za kazi kuifunga kazi iliyolalamikiwa, isipokuwa mlalamikiwa alete pingamizi, na ikafanya notisi ya uongo kuwa kosa la jinai. Lakini dai la Content ID ni utaratibu wa ndani wa kampuni, wala si notisi ya kisheria, kwa hiyo kinga hizo hazilifikii kwa urahisi.

Mwanafunzi wa Lodwar anayehakiki sekunde chache za filamu ya zamani kuhusu watu wake ana hoja katika sheria ya nchi yake. Kwa mashine ni mnakili tu. Ikiwa video imeondolewa kwa notisi ya sheria ya Marekani ya 1998, anayepinga hutakiwa kutoa jina na anwani, na kukubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya nchi hiyo. Kwa mkimbizi wa Kakuma, ambaye hata kutoka kambini amezoea kuombea ruhusa, sharti hilo ni kibali kingine, na safari hii ofisi inayokitoa iko ng'ambo ya bahari.