Kizito Kabla ya Moto

Kila Juni 3, sikukuu ya mashahidi wa Uganda waliouawa kwa imani yao, mahujaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda hufurika Namugongo, nje kidogo ya Kampala, na wengi huja na watoto. Katika makumbusho ya Waanglikana yaliyopo hapo, mtoto hukutana na sanamu za watu waliofungwa, wauaji wao, na kuni zilizopangwa tayari. Ni kazi yenye nguvu, lakini kwa mtoto wa miaka sita hapo ni pa kumalizia, si pa kuanzia. Kizito, mdogo kuliko wote kati ya mashahidi 22 wa Kikatoliki, alikuwa na miaka ipatayo 14. Akionyeshwa ndani ya moto tu, mtoto anabaki na kifo cha siku moja, bila maisha yaliyokipa maana.

Maisha hayo yako ikulu, kwa Kabaka Mwanga, alikotumikia pamoja na vijana wenzake. Wamisionari wa Afrika walifika Buganda mwaka 1879, akiwamo Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, yaani “baba yangu” ya Kifaransa iliyopita katika ndimi za Kiganda. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza mkatekumeni afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Kizito hakuwa na subira hiyo. Inasimuliwa kwamba alimganda Mapeera akiomba abatizwe, naye padri akawa anamwambia angoje. Hatimaye alibatizwa na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa ikulu, usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, huko Munyonyo, kwenye makao ya Kabaka, hatari ilipokuwa imebisha hodi. Kuomba, kuambiwa bado, kuomba tena: hakuna mtoto asiyeyajua hayo. Ndiyo maana ziara inayowafaa watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kikatoliki, ingeanzia Munyonyo, ifuate njia ya mateka hadi Namugongo, na ifike penye kuni watoto wakiwa tayari wanamjua aliyelazwa juu yake, pamoja na simulizi kwamba yeye na kijana mwenzake Gyavira walikubaliana kushikana mikono ili mmoja asimwache mwenzake alegee.

Wapo watakaosema huku ni kuwapaka watoto mafuta kwa mgongo wa chupa, kwani shahidi bila mateso si shahidi. Hoja hiyo ni nzito, ila kinachopendekezwa ni kupanga, si kuficha. Tena moto peke yake ndio unaopotosha, maana humgeuza Mwanga kuwa zimwi la hadithini. Mwanga alitawazwa mwaka 1884, naye mwenyewe akiwa kijana. Aliogopa wageni wa kutoka mashariki. Ndiyo maana Askofu James Hannington, aliyekuja kwa njia hiyo, aliuawa Busoga Oktoba 1885, na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi Mkatoliki wa ikulu aliyelaani mauaji hayo, akafuata Novemba 15. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuelewa mtawala mwenye hofu. Sababu nyingine, ya vijana kukataa matakwa ya kimwili ya Kabaka, ingoje umri wake. Na Waislamu waliouawa kwa imani yao wakati wa Mutesa, baba yake Mwanga, miaka kumi kabla ya Kizito, nao wanastahili kutajwa, wasije watoto wakadhani dhuluma ilianza na Mwanga.

Wengine watauliza makumbusho ya nini, wakati mtakatifu hufundishwa kanisani. Kanisani, hata hivyo, Kizito ni picha yenye mng’ao kichwani, na aliyetangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 18, 1964 huonekana kana kwamba alizaliwa hivyo. Makumbusho humrudishia umri, kazi na marafiki. Humrudishia hata mahali, na hapo pana jambo ambalo katekisimu hulipita haraka: basilika ya Wakatoliki, iliyotabarukiwa mwaka 1975, imesimama pale alipochomwa Lwanga, peke yake. Kizito alichomwa mwendo mfupi kutoka hapo, katika eneo ambalo leo limo mikononi mwa Waanglikana, kwenye moto mmoja na vijana wa madhehebu yote mawili. Mwongozaji akifika hapo na kundi la watoto wa parokia, lazima mmoja atauliza kwa nini mtakatifu wao yuko kwa jirani, na itabidi ajibiwe.