Mpira wa mafuta ulioshuka kutoka angani

Inua bodi ya lori la nitro, yale malori ya rimoti yanayotoa moshi na kelele za kweli, na utaona mipira miwili myembamba ikitoka kwenye tangi. Mmoja unakwenda kwenye kabureta. Mwingine unakwenda kwenye ekzosi, na hapo ndipo mgeni anapokuna kichwa: tangi la mafuta linafuata nini kwenye bomba la moshi? Ukitaka jibu, waache kwanza wenye malori uwaendee warushaji wa ndege za mfano, kwa sababu mfumo huu ulitengenezwa angani miongo kadhaa kabla ya kushushwa kwenye vumbi.

Injini ndogo za miaka ya 1930, kama zile za Bill Brown wa Philadelphia, zilichoma petroli na kuwashwa kwa cheche. Kila ndege ilibeba koili na betri yake, mzigo mzito kwa chombo cha mbao laini na karatasi. Mwaka 1947 Ray Arden wa New York akaleta sokoni hita plagi ndogo yenye waya wa platinamu. Waya huo huwashwa kwa umeme mwanzoni tu. Injini ikishashika, joto la mwako na tabia ya platinamu inapokutana na methanoli huuweka mwekundu bila betri. Koili ikatupwa. Petroli nayo ikaondoka, ikaja methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, kisha nitromethani ya kuongeza nguvu.

Badiliko hilo la mafuta ndilo lililoupa mpira mdogo kazi kubwa. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kilo ya methanoli huridhika na 6.5 hivi. Maana yake ni kwamba kwa hewa ileile injini ya methanoli hunywa zaidi ya mara mbili. Isitoshe, injini hizi hazina oili iliyotunzwa chini kama ya gari. Ulainisho wote umo ndani ya mafuta. Mpira ukibanwa nusu, injini inakosa chakula na oili kwa pamoja. Inapaa kwa kasi, inachemka, na pistoni inaanza kukwaruza ukuta wa silinda.

Warushaji wa ndege walipambana na tatizo la kuyasukuma mafuta hayo bila pampu. Ndege ikipinduka, uzito wa mafuta hausaidii tena. Wengine walijaza mafuta kwenye vifuko vya mpira vya kalamu za wino, au kwenye chuchu za kunyonyesha watoto, ili mpira wenyewe uyakamue kuelekea kwenye kabureta. Inachekesha, lakini katika mashindano ilifanya kazi vizuri kabisa. Wengine walivuta presha kutoka chumba cha kranki. Halafu malalamiko ya kelele yakalazimisha sailensa, na sailensa ikaleta zawadi ambayo haikuagizwa: presha ya moshi. Toboa tundu, funga mpira hadi juu ya tangi, na kila injini inavyoongeza kasi ndivyo inavyojisukumia mafuta. Kwa macho yangu hakuna ubunifu wa bei rahisi kuliko huo katika mchezo huu wote.

Magari ya rimoti yaliurithi mfumo huo mzimamzima. Mwanzoni yalikimbia kwenye lami. Mashindano ya dunia ya magari ya kipimo cha 1:8 yalifanyika Pomona, California, mwaka 1977. Mwaka 1986 yakaja mashindano ya dunia ya njia ya udongo huko Grenoble, Ufaransa. Lakini aliyeifikisha nitro kwa mtu wa kawaida ni T-Maxx ya kampuni ya Traxxas ya Texas, mwaka 1999: lori la magurudumu makubwa, injini ya 2.5 cc, lenye gia ya kurudi nyuma. Mwaka 2002 HPI wakajibu na Savage, injini ya 3.5 cc. Malori haya yaliruka, yakabiringika, yakalala kichwa chini kwenye mchanga. Mpira uliozoea anga safi ukakutana na dunia.

Hapo njia ya kupitisha mpira ikawa elimu ya peke yake. Mpira wa presha hupitishwa juu ya tangi kwa kona pana, ili lori likipinduka mafuta yasikimbilie kwenye ekzosi. Mpira wa mafuta huwa mfupi, ila usiwe mfupi hata ukajivunja kwenye kona. Wenye uzoefu huuvalisha springi nyembamba. Wote wawili hukaa mbali na kichwa cha injini na gurudumu la kranki. Mwisho wa mpira ukichanika, hukatwa milimita chache na kuchomekwa upya. Silikoni inayopitisha mwanga hupendwa kwa sababu mapovu huonekana, na povu ni hewa iliyoingia mahali fulani.

Filta ndiyo inayozua ubishi. Ile ya ndani ya tangi, ya punje za shaba zilizoshikanishwa, haina maadui wengi. Ile ya alumini inayofungwa katikati ya mpira hufunguka ili isafishwe, na oringi yake ikichoka huvuta hewa. Ndiyo maana baadhi ya washindani huichomoa na kuchuja mafuta wanapojaza chupa. Mimi ningeiacha kwenye lori la kuchezea: chembe moja ya mchanga kwenye sindano ya kabureta inatosha kuharibu siku.

Malori makubwa ya 1:5 yamerudi kwenye petroli na cheche, na kabureta zake zina pampu ya utando kama za misumeno ya miti, kwa hiyo mpira wa ekzosi umetoweka. Anayehamia huko akitokea nitro hushawishika kutumia silikoni yake ya zamani. Petroli huivimbisha na kuilegeza hadi inachomoka yenyewe.