Uache dawa kabla ya kupasuliwa? Historia fupi ya nyayo zenye baridi yabisi

Mwaka juzi mama yangu mkubwa alirudi kutoka kliniki na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na tarehe ya upasuaji wa mguu wa kulia. Ya pili, iliyoandikwa kwa mkono, ilimwambia aache methotreksati wiki mbili kabla ya upasuaji na asiirudie mpaka kidonda kipone. Anaishi na baridi yabisi mwaka wa kumi na nne sasa. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya sayansi? Nikiziacha hizi dawa, vidole vya mikono vitanisubiri?"

Sikuwa na jibu. Mimi natafiti bakteria wa kwenye maji, sijui mifupa. Lakini nilijua kwa nini anauliza. Kuna mwezi dawa zilimwishia na hakupata nyingine; mwisho wa mwezi ule alikuwa hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake mwenyewe. Kwa hiyo nikaingia maktaba. Nilichokikuta huko ni historia ambayo nadhani na wewe utapenda kuijua, hata kama viungo vyako vyote ni vizima.

Tuanze na jina. Baridi na yabisi ni maneno ya asili ya Kiarabu: ubaridi na ukavu, zile sifa ambazo tiba ya kale ilizitumia kueleza karibu kila ugonjwa. Majina ya Ulaya yenyewe yanatoka neno la Kigiriki lenye maana ya mtiririko, yaani kitu chenye majimaji. Sisi tukasema kikavu, wao wakasema majimaji, na ugonjwa ukaendelea na kazi yake. Mwaka 1800 Augustin Jacob Landré-Beauvais, daktari kijana wa Paris, aliandika tasnifu kuhusu wanawake tisa wenye ugonjwa huu na akadhani ni aina ya jongo. Mwaka 1859 Mwingereza Alfred Garrod akautenga na jongo na kuupa jina unaloitwa hadi leo kwa Kiingereza. Kinachotokea hasa ni kwamba kinga ya mwili inaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando unavimba, unakula gegedu na mfupa, na kulegeza kano na mishipa inayoshika kiungo mahali pake.

Sasa mguu. (Kwa Kiswahili mguu ni mrefu mno, unaanza nyongani unaishia kwenye kucha. Hapa nazungumzia wayo, sehemu inayoingia kwenye kiatu.) Wayo mmoja una mifupa 26. Mitano kati ya hiyo ni mirefu, na ncha zake za mbele, ambazo madaktari huziita vichwa, ndizo zinazobeba uzito wako unapojisukuma kupiga hatua. Baridi yabisi hupenda sana viungo vya hapo. Vikilegea, vidole vinapanda juu na kujikunja kama kucha za ndege, na ule mto wa mafuta ulio chini ya vichwa vya mifupa unasogea mbele. Matokeo yake unakanyagia mfupa kwa ngozi tupu. Wagonjwa wengi, wa nchi mbalimbali, husema kitu kile kile: ni kama kutembea juu ya kokoto. Mama alikuwa anasema kuna gololi ndani ya kiatu, na kwa muda mrefu sisi watoto tulikuwa tunakikung'uta.

Zamani hapakuwa na la kufanya. Mchoraji Mfaransa Pierre-Auguste Renoir aliishi na ugonjwa huu miaka yake ya mwisho akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwanawe Jean alisimulia kwamba daktari mmoja aliwahi kufanikiwa kumsimamisha na kumtembeza hatua chache. Renoir akashukuru, kisha akarudi kukaa, kwa sababu kutembea kulimla nguvu zote za nia na hakubakiwa na za kuchorea. Mimi naona yule mzee alipiga hesabu vizuri.

Mwaka 1911 Phil Hoffmann, daktari wa mifupa wa St. Louis, Marekani, alieleza upasuaji wa vidole vilivyojikunja vibaya. Ulikuwa wa kikatili kidogo: unapasua chini ya wayo na kuviondoa vichwa vya mifupa ile mirefu. Hakuna kichwa, hakuna kokoto. Karibu na mwaka 1960 Fowler wa Uingereza na Clayton wa Marekani waliuendeleza hasa kwa ajili ya wenye baridi yabisi, na baadaye ikawa kawaida pia kukiunganisha kiungo cha kidole gumba kiwe mfupa mmoja imara. Vidole vilivyonyooshwa hushikiliwa kwa waya nyembamba zinazochungulia nje kwenye ncha, na hutolewa baada ya wiki kadhaa. Kwa upande wa mifupa, basi, kazi ilieleweka mapema. Kigumu kilikuwa kingine: mfupa huo ni wa mtu anayemeza dawa.

Twende Rochester, Minnesota, Septemba 1948. Philip Hench wa Mayo Clinic alikuwa ameona tangu 1929 kwamba baadhi ya wagonjwa wake hupata nafuu wakipata homa ya manjano ya ini au wakiwa wajawazito. Akaamini kuna kitu mwilini kinachofanya hivyo. Mwenzake Edward Kendall alikuwa akichambua homoni za tezi za adrenali, zile ndogo zinazokaa juu ya figo. Moja ya homoni hizo, ambayo baadaye iliitwa kortisoni, ilitengenezwa kwa shida kubwa kutokana na nyongo ya ng'ombe. Wakamdunga mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa hawezi kutoka kitandani. Baada ya siku chache alitembea, akatoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Ni haraka ya ajabu, miaka miwili tu.

Mwaka 1952 ikaja bili. Jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari ya mwanamume wa miaka 34 mwenye baridi yabisi, aliyekuwa ametumia kortisoni kwa miezi. Alifanyiwa upasuaji wa nyonga baada ya kusimamishiwa dawa. Muda mfupi baadaye shinikizo la damu likaanguka, halikuinuka tena, akafa. Walipomchunguza, tezi zake za adrenali zilikuwa zimesinyaa. Mwaka uliofuata ikaripotiwa habari kama hiyo ya mwanamke wa miaka 20.

Hebu fikiria genereta ambayo haijawashwa mwaka mzima kwa sababu umeme haukatiki. Siku umeme unakatika, unavuta kamba, inakohoa na kunyamaza. Ndivyo tezi zinavyokuwa mwili ukiletewa homoni kutoka nje kila siku. Upasuaji ni siku ambayo mwili unahitaji homoni hiyo nyingi kuliko kawaida. Ukiikata dawa ghafla wakati huo, genereta haiwaki.

Kutokana na vifo hivyo viwili ikazaliwa kanuni: kila anayetumia steroidi apewe kipimo kikubwa cha ziada anapopasuliwa. Kanuni ilienea, ikaingia kwenye vitabu, ikaka huko miongo mingi. Sisemi ilikuwa ya kijinga. Ukishaona mtu wa miaka 34 anakufa mezani kwako, hutasubiri takwimu. Lakini steroidi nyingi zina gharama yake: zinachelewesha kidonda kupona na kuwakaribisha bakteria, na ngozi ya wayo wenye baridi yabisi mara nyingi ni nyembamba tayari. Watafiti walipokuja kupima polepole, walikuta kwamba kwa wengi kinachotosha ni kuendelea na kile kipimo chao cha kila siku, bila kukatisha. Ndivyo mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unavyosema kwa wanaobadilishwa nyonga na magoti. Hatari iliyomuua yule mwanamume ilikuwa kuacha, na dawa ya hatari hiyo ikageuzwa kuwa kuongeza. Ni vitu viwili tofauti, ila ilichukua zaidi ya nusu karne kuvitenganisha.

Methotreksati ilipita njia ya kinyume. Hii ilianza kama dawa ya saratani, inayozuia seli zisigawanyike. Ndugu yake wa karibu, aminopterini, alijaribiwa kwa wenye baridi yabisi mwaka 1951, lakini ilikuwa zama za kortisoni na hakuna aliyejali sana. Ikabidi ifike miaka ya 1980 ndipo majaribio mazuri yaonyeshe kwamba kipimo kidogo, mara moja tu kwa wiki, kinatuliza ugonjwa. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1988. Leo ndiyo dawa ya kwanza karibu kila mahali, na ni ya bei nafuu.

Madaktari wa upasuaji waliiangalia wakaona mantiki iliyo wazi: dawa hii inazuia seli kugawanyika, kidonda kinapona kwa seli kugawanyika, basi iachwe. Karatasi ya mama ilitoka hapo. Ni mantiki nzuri, na hata mimi ningeiandika kwenye mtihani. Tafiti ndogo za mwanzo zilipingana. Nyingine ziliona hatari, nyingine hazikuona.

Mwaka 2001 Grennan na wenzake huko Uingereza walichapisha jibu. Waliwafuatilia wagonjwa 388 wa baridi yabisi waliofanyiwa upasuaji wa mifupa uliopangwa. Waliokuwa kwenye methotreksati waligawanywa kwa bahati nasibu: 88 waendelee kumeza kama kawaida, 72 waache kuanzia wiki mbili kabla mpaka wiki mbili baada. Wengine 228 hawakuwa wakiitumia kabisa. Kwa muda wa mwaka mmoja walihesabu maambukizi na matatizo mengine ya upasuaji. Walioendelea: wawili kati ya 88, yaani asilimia 2. Walioacha: 11 kati ya 72, asilimia 15. Wasioitumia: 24 kati ya 228, kama asilimia 10.

Soma tena hapo. Walioacha dawa ili kidonda kipone vizuri ndio waliopata shida zaidi. Na ugonjwa wenyewe? Katika wiki sita za kwanza hakuna hata mmoja wa walioendelea aliyelipukiwa na viungo, wakati sita kati ya walioacha walilipukiwa. Inaeleweka ukikaa nayo: mwili wenye ugonjwa uliotulia hupona vizuri kuliko ule unaowaka.

Utauliza, hao ni wa mifupa yote, vipi kuhusu wayo? Mwaka 2003 Bibbo na wenzake huko Marekani walipitia upasuaji 725 wa wayo na kifundo kwa wagonjwa 104 wa baridi yabisi. Hawakuona dawa za ugonjwa zikihusiana na ongezeko la maambukizi au vidonda kugoma kupona. Tahadhari moja: haya hayahusu dawa zote. Zile mpya za sindano zinazoitwa za kibiolojia, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 1998, bado miongozo inasema zisimamishwe. Upasuaji upangwe mwisho wa mzunguko wa sindano na zirudiwe kidonda kikishafunga, kama siku 14 hivi. Na mwenye figo mbovu au maambukizi tayari ana hesabu yake peke yake. Kwa hiyo usiende kuchana karatasi ya daktari wako kwa sababu ya makala hii. Nenda nayo ukaulize.

Sisi tuliuliza. Nilichapa muhtasari wa utafiti wa 2001, ukurasa mmoja, mama akaukunja akautia kwenye pochi. Daktari wa upasuaji aliusoma akiwa amesimama, akampigia simu daktari wa viungo, wakazungumza dakika tano. Akaikata ile karatasi kwa kalamu. Mama alimeza vidonge vyake Jumamosi kama kawaida na kupasuliwa Jumanne.

Jambo ambalo sikulikuta maktaba lilitungojea nyumbani. Ukipasuliwa wayo unapewa magongo, na gongo la kawaida linadhani una mikono mizima. Uzito wote wa mwili unashuka kwenye kiganja na kifundo cha mkono, yaani kwenye viungo vile vile ambavyo ugonjwa umevila. Siku ya pili mama alikuwa analia, na si kwa sababu ya kidonda. Kuna magongo ya aina nyingine, yenye kibao ambapo unalaza kigasha chako, kiwiko kikiwa kimekunjwa, ili uzito ubebwe na mkono mzima badala ya kiganja. Yapo miaka mingi. Hatukuyapata madukani, fundi seremala wa mtaani akatutengenezea moja kwa mbao na godoro chakavu, kwa kuangalia picha kwenye simu yangu.

Kidonda kilifunga. Waya zilitolewa wiki ya sita, na alinisimulia kwamba haikuuma kama alivyoogopa, ni kuvuta tu kama uzi. Kifungo cha blauzi alikuwa anafunga mwenyewe muda wote. Wayo wa kushoto umepangwa mwezi wa nane, na gongo la seremala tumelitunza stoo.