Mchawi wa nini? Kuhusu Claude Le Roy

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilisema Claude Le Roy ndiye "mchawi mweupe" aliyeipa Oman Kombe la Ghuba. Haikupita saa, ami yangu akanipigia simu. Hata salamu hakuimaliza. "Mchawi wa nini wewe? Habsi hakufungwa hata goli moja mashindano mazima, leo sifa unampa mzungu?"

Nilicheka, halafu nikakaa nikafikiri. Tarehe 17 Januari 2009 nilikuwa kwake Maabela, sebule imejaa wazee waliozaliwa Unguja, televisheni inatangaza Kiarabu na sisi tunapiga kelele kwa Kiswahili. Oman na Saudi Arabia, bila kwa bila mpaka dakika ya 120. Bibi alijifungia jikoni na tasbihi yake, hataki kuona, manake tulishapoteza fainali mbili mfululizo: 2004 kwa Qatar, kwa penalti, na 2007 kwa Emirates. Safari hii penalti zikawa 6-5 kwetu. Bibi akafungua mlango kidogo: "Kweli, au mnanidanganya tena?"

Sasa hilo neno. Ni Wafaransa waliolizoesha, wakimwita hivyo kocha wa Ulaya anayekwenda kufundisha Afrika. Hebu liangalieni linavyofanya kazi: wachezaji wote wanatoweka, anabaki mzungu na dawa yake. Na ukifuata safari ya Le Roy mwenyewe, unaona halisimami.

Alizaliwa Normandy mwaka 1948. Alicheza kiungo Rouen, Ajaccio, Laval na kwengineko, hakuwa nyota, akaanza ukocha Amiens. Mwaka 1985 akachukua Cameroon. Lakini alikuta nini pale? Alikuta mabingwa wa Afrika wa 1984, timu ambayo Kombe la Dunia la 1982 ilitoka bila kupoteza mechi. Alikuta Roger Milla, Thomas Nkono, Joseph-Antoine Bell. Mwaka 1986 walifika fainali wakatolewa na Misri kwa penalti, na 1988 kule Morocco wakalichukua kombe, 1-0 dhidi ya Nigeria, penalti ya Emmanuel Kundé. Hilo ndilo Kombe la Mataifa ya Afrika pekee alilowahi kushinda. Oman ni hivyohivyo: alikuja 2008, akakuta kikosi kilichokwisha kulia mara mbili, na golikipa anayelipwa mshahara Bolton, ligi kuu ya Uingereza.

Kwa hiyo hana lake? Hapana, ami, hapo nakukatalia. Kazi yake naiona zaidi pale ambapo hakushinda kitu. Senegal aliifikisha nusu fainali 1990. Kongo ya Kinshasa aliipeleka robo fainali 2006. Ghana ikamaliza ya tatu nyumbani kwao 2008. Congo Brazzaville, ambayo watu walishaisahau, aliipeleka robo fainali 2015. Jumla ameongoza timu kwenye fainali tisa za Mataifa ya Afrika, na hiyo ni rekodi. (Katikati ya hayo alipita Malaysia, Shanghai, na Cambridge United ya daraja la nne Uingereza. Msiniulize kwa nini.)

Ile robo fainali ya 2015, pale Bata, ndiyo ningependa muitafute. Le Roy na Brazzaville yake wanaongoza 2-0 dhidi ya Kinshasa, timu aliyoifundisha yeye mwenyewe mara mbili. Golini kwa Kinshasa yuko Kidiaba wa TP Mazembe, mtu wa Lubumbashi, mji wenye Kiswahili chake, yule anayeshangilia kwa kurukaruka amekalia makalio. Dakika zisizofika thelathini, Kinshasa wanarudisha zote na kuongeza mbili: 4-2. Na kocha wao ni Florent Ibengé, Mkongomani. Hakuna aliyemwita mchawi.

Tena kuna Hervé Renard. Huyu alikuwa na kampuni ya usafi Ufaransa, Le Roy akamchukua awe msaidizi wake, wakazunguka wote Shanghai, Cambridge na Ghana. Mwanafunzi akaja kuchukua Kombe la Afrika mara mbili, na Zambia 2012 na Côte d'Ivoire 2015. Mwaka 2017 wakakutana: Renard na Morocco, mwalimu wake na Togo. Morocco 3, Togo 1. Mechi iliyofuata Togo ikacheza na nani? Kinshasa. Tatu moja tena, na Le Roy akarudi nyumbani.

Nilimsomea ami haya yote juzi. Akanyamaza kidogo. "Haya, kocha mzuri," akasema. "Lakini kwenye kipindi kijacho utarekebisha, na jina la Habsi ulitaje mwanzo."

Nimeshalitaja.